Mwanaume wa miaka 52 mwenye protini ya mjamzito: uzi kwa wanaohangaika na data za maabara

Mtunza Vichupa (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna mdogo wetu aliuliza kwenye uzi mwingine atumie programu gani kupanga data zake za proteomiki, akajibiwa "Excel ipo, unatafuta nini tena?" Nimeona nisipite kimya. Uzi ni mrefu, mwenye chai ajimiminie.

Kwa wageni wa fani: proteomiki ni kazi ya kutambua na kupima protini zilizomo kwenye sampuli, iwe damu, mate, jani la muhogo au mbu mzima aliyesagwa. Protini zinakatwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hukata kila kikikutana na lisini au arginini, ila prolini ikifuata hapo kinaruka. Vipande vinavyopatikana ndivyo peptidi. Vinapitishwa kwenye kolamu, yaani mrija mwembamba kama unywele, vikitoka huko spektromita ya masi inavipima, inavivunja, halafu inapima na vipande vya vipande. Kila sampuli inaacha faili lake, mara nyingi gigabaiti moja na zaidi. Na mashine hailali. Ijumaa jioni unaipangia foleni, Jumatatu unakuta mafaili yamejazana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi.

Mimi niko Ulaya, maabara ya kuhudumia watafiti. Wanaleta sampuli, tunazipitisha, tunawarudishia ripoti. Utaratibu wetu wa zamani ulikuwa hivi: mtafiti anatuma jedwali kwa barua pepe, fundi anaandika majina upya kwenye kompyuta ya mashine, mimi nanakili mafaili kwa diski ya nje, naingiza MaxQuant (programu ya kutambua na kupima protini), nachukua matokeo, nachora grafu, nabandika kwenye slaidi. Tulikuwa watu makini, na tulijisifu kwa hilo.

Sasa sikilizeni. Ukaja mradi wa plazma, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, sampuli 48. Usiku wa pili kolamu ikaziba katikati ya sampuli ya 19. Fundi wa zamu akabadilisha kolamu, akairudia ile sampuli, faili jipya akaliita "19_rudia", akaendelea na 20. Hakuna kosa lolote alilofanya. Mimi ndiye niliyechukua orodha ya majina 48 nikaibandika pembeni ya orodha ya mafaili 49. Kuanzia mstari wa 20 kwenda chini kila jina likakaa kwenye faili la jirani yake wa juu. Faili la mwisho kabisa likabaki halina jina, nikadhani ni ule mpitisho mtupu wa kusafishia kolamu, nikalifuta kwenye jedwali.

Grafu zikatoka zinapendeza! Programu haikulalamika, ingelalamikia nini? Mtafiti akaanza kuandika makala. Wiki ya tatu daktari mmoja wa timu yao akapitia jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari, akauliza kwa upole kwa nini mwanaume wa miaka 52 ana PZP ya juu namna ile. PZP ni protini ya damu inayopanda sana mwanamke akiwa mjamzito. Mstari wa juu yake alikuwepo mama wa wiki 34, PZP yake ya chini kama ya mwanaume.

Nilienda kukaa ngazini kwanza.

Baada ya hapo ndipo tukajenga utaratibu wa kujiendesha, na tulianzia kwenye kichupa. Sampuli ikifika inapewa namba na kibandiko cha QR kabla haijaingia kwenye friji. Mtafiti anajaza fomu, na fomu inakataa akiacha pengo: kundi gani, imechukuliwa lini, imeyeyushwa mara ngapi. Programu ndiyo inayochanganya mpangilio wa foleni, wagonjwa wote wasipite Jumatatu na wazima wote Alhamisi, na ndiyo inayotoa orodha yenye majina ya mafaili tayari. Siku hizi hakuna mtu anayechapa jina lolote kwenye kompyuta ya mashine, tunaskani na kupakia orodha. Sampuli ikirudiwa inabaki na namba ile ile, inaongezewa "mpitisho wa 2", na wa kwanza unawekwa alama ya kushindwa na sababu yake. Jina na faili vimefungwa pamoja tangu mapokezi, hakuna tena mahali pa kubandika orodha mbili sambamba.

Kuhamisha mafaili ni skripti ndogo tu, lakini ina mitego. Ya kwanza niliyoandika ilikuwa inanakili faili mashine ikiwa bado inaliandika, tukapata nusu faili kwa siku mbili. Sasa inasubiri faili liache kukua, inanakili, inalinganisha heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili lote, ikitofautiana ujue faili si lile) ya pande zote mbili, ndipo inaruhusu kufuta. Na kila kampuni ina tabia zake. Faili la Thermo ni moja, .raw. La Bruker, .d, kumbe ni folda nzima. La Sciex, .wiff, lina mwenzake .wiff.scan, na ukimwacha mwenzake umebeba ganda la yai.

Afya ya mashine tunaifuatilia kwa programu za Skyline na Panorama, zote za maabara ya MacCoss, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na zote bure. Kila baada ya sampuli kadhaa unapitisha sampuli ile ile ya kipimo, kifaa chao kiitwacho AutoQC kinaichukua na kuchora chenyewe. Fundi anaona kolamu inavyochoka siku mbili kabla haijaziba.

Uchambuzi wenyewe ndio rahisi kuliko vyote. MaxQuant inaweka mipangilio yako yote kwenye faili moja, mqpar.xml, na DIA-NN, programu nyingine ya kazi hiyo, unaiendesha kwa mstari wa amri. Hifadhi hivyo. Pamoja navyo ligandishe faili la FASTA, yaani orodha ya mifuatano ya protini unayolinganishia. UniProt, hazina ya protini ya mtandaoni inakotoka, wanaiboresha mara kwa mara, na ukisema tu "nilitumia UniProt" hujasema kitu. Ya lini?

Ripoti inaandikwa na R (lugha ya kompyuta ya takwimu) yenyewe kutoka kwenye matokeo. Inaondoa protini zenye alama ya REV__, ambazo ni mifuatano iliyogeuzwa kinyumenyume kwa makusudi ili kupima programu inakosea kiasi gani (desturi ni kuruhusu asilimia 1), na zenye CON__, ambazo ni uchafu. Uchafu mkubwa ni keratini, ngozi na nywele zetu sisi wenyewe wa maabara. Ukurasa wa mwisho inajichapia matoleo ya programu zote.

Kitu kimoja tulikataa kukiachia mashine: kutupa sampuli. Programu inaweza kupiga kelele kwamba sampuli ya 33 ina peptidi chache. Kuitoa ni mtu, aandike sababu, aweke jina lake.

Karibuni kwa maswali.

Kilosa Junction

Naweka kambi hapa. Nilikuwa sijui hata kama keratini inaingia kwenye data. Ndiyo maana yule mama wa maabara ananifokea nikiingia na sweta.

Mtunza Vichupa

Mama yuko sahihi. Sweta la sufu linaleta keratini ya kondoo, tunaikuta kabisa kwenye matokeo.

Nguli wa Jedwali

Mkuu nakuheshimu lakini hapa umepiga chuku. Mimi nafanya proteomiki ya seli za ini mwaka wa sita sasa. MaxQuant inanipa proteinGroups.txt, nafungua kwa Excel, nachuja, nachora, naseti slaidi, maisha yanaenda. Tatizo lako lilikuwa kutokuwa makini, si Excel. Ungehesabu mistari tu.

Mtunza Vichupa

Kuhusu kuhesabu mistari umenipata, sina utetezi. Ila nikuombe kitu kimoja. Fungua jedwali lako la mwisho, nenda safu ya majina ya jeni, tafuta "Sep" na "Mar". Halafu urudi.

Sababu ni hii: jeni inayoitwa SEPT2 Excel inaiona tarehe, inaigeuza kuwa Septemba 2, haikuulizi. Watu walilalamikia jambo hili tangu 2004. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walipitia majedwali ya ziada ya makala za jenomiki, wakakuta karibu makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni kwenye Excel ina majina yaliyoharibika hivyo. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikanyoosha mikono, ikabadilisha majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Jeni zimebadilishwa majina kwa ajili ya Excel! Microsoft wenyewe waliweka sehemu ya kuzima tabia hiyo 2023, lakini lazima ujue ipo na uizime.

Nguli wa Jedwali

Nipo kazini. Jioni nitaangalia, nina uhakika niko salama.

Nyota ya Ziwa

Swali kutoka huku Kisumu. Sisi hiyo mashine hatuna. Tunaweka sampuli kwa barafu kavu, tunatuma ng'ambo, tunakaa miezi, halafu tunapokea Excel moja na PDF ya kurasa nne. Sasa hizi seva na skripti zako zinatusaidia na nini? Huu si uzi wa wenye pesa?

Mtunza Vichupa

Dada, wewe ndiye unayehusika kuliko sisi. Mwenye mashine akikosea anarudia. Wewe sampuli zimeshaisha, na waliokupa damu wameshaenda zao.

Kabla hujafunga boksi la barafu, andika kwenye makubaliano kwamba pamoja na ripoti unataka mafaili ghafi yote na heshi zake, orodha ya foleni yenye tarehe na saa ya kila mpitisho, faili la mipangilio, na FASTA yenyewe, wasikutajie jina tu. Maabara nzuri haitashangaa. Ikianza kujikunakuna kichwa, hapo umeshajua kitu.

Na vibandiko weka wewe, kwa namba zako, huko huko Kisumu. Usikubali wakupe namba mpya halafu wakutumie jedwali la kutafsiri. Jedwali la kutafsiri ndilo lililonikalisha ngazini.

Ukishakuwa na mafaili ghafi, laptopu yenye RAM ya kutosha inachambua, polepole lakini inachambua. MaxQuant na Skyline hulipi. DIA-NN ni bure kwa wanataaluma. Ukitaka kujizoeza kabla data zako hazijarudi, nenda PRIDE, hazina ya data iliyoko Hinxton, Uingereza. Kila mradi una namba inayoanza na PXD, unapakua bure. Chukua mradi mdogo wa plazma, uchambue mwanzo mwisho, uone kama unapata walichopata wao. Mara nyingi utakwama, na utakapokwamia ni kwamba hawakuandika faili lipi ni la mgonjwa yupi.

Nyota ya Ziwa

Aki asante. Hiyo ya orodha ya foleni sikuwahi kuifikiria. Tuliwahi kupata matokeo ambapo wagonjwa na wazima walitengana vizuri mpaka prof akafurahi. Sasa najiuliza kama walipita wiki moja.

Mtunza Vichupa

Waulize. Tarehe imo ndani ya faili ghafi hata kama wameipoteza kwenye karatasi.

Dada wa Damu

Mimi niko upande wa hospitali, Tanzania. Mnaongelea kupakia data PRIDE, kila mtu apakue. Sisi majina ya wagonjwa tunayaondoa kabla ya kutuma, kwa hiyo tuko sawa? Maana kamati ya maadili inauliza na sijui nijibu nini.

Mtunza Vichupa

Swali zito hili, nitalijibu kwa mfano mmoja tunaoujua wote nyumbani: selimundu.

Mnyororo wa beta wa himoglobini ukikatwa na tripsini, peptidi ya kwanza kabisa ni VHLTPEEK. Herufi nane, kila moja ni asidi amino. Mwenye jeni ya selimundu ile E ya kwanza inakuwa V: VHLTPVEK. Kwenye spektromita ya kwanza inaonekana kwenye 952.5 ikiwa na chaji moja, ya pili kwenye 922.5. Tofauti ya 30, hata mashine kuukuu inaiona. Aliyerithi jeni kwa mzazi mmoja tu anakuwa na zote mbili. Na si jambo geni: Vernon Ingram aliligundua pale Cambridge 1956 kwa tripsini hii hii, akazitandaza peptidi kwenye karatasi, akakuta doa moja limehama.

Sasa chembe nyekundu chache zikipasuka wakati wa kuchukua damu, himoglobini imo kwenye plazma yako. Ripoti yako haitaionyesha, kwa sababu FASTA ya kawaida haina ile V. Faili ghafi linayo. Yeyote akiongeza mstari mmoja kwenye FASTA anaweza kuona nani ana selimundu.

Kwa hiyo jina umeondoa, lakini taarifa ya kurithi imebaki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inaziweka taarifa za kijenetiki na za afya kwenye kundi nyeti. Iambie kamati hivyo hivyo, na fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba data ghafi zitawekwa hadharani. Kwenye mfumo wetu hicho ni kisanduku kwenye fomu ya mapokezi. Kisipotiwa alama, kitufe cha kupakia PRIDE hakiwaki.

Dada wa Damu

Nimeipiga picha hii nampelekea mwenyekiti.

Kodi ya Usiku

Wakuu mnazunguka sana. Hii ni kazi ya wiki mbili: Laravel, MySQL, fomu, dashibodi, ripoti ya PDF. Nani ana bajeti aje inbox?

Mtunza Vichupa

Haha karibu. Fomu, vibandiko na foleni, hata wiki moja inakutosha, na tunahitaji vijana kama wewe. Ila usije ukasema utasoma mafaili ya mashine mwenyewe. Kila kampuni imefunga umbo lake. Tumia msconvert ya ProteoWizard, inageuza kwenda mzML, umbo la pamoja la fani hii tangu 2008.

Na ujue walikopita wengine. Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest, jimbo la Washington, ilieleza mfumo wake uitwao PRISM mwaka 2006. Mwaka huo huo kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, kikatoa CPAS, ambayo baadaye ikawa LabKey Server, na juu yake ndiyo Panorama imejengwa. ETH Zurich wana openBIS. Hizo zimeishi kwa sababu kuna watu wanalipwa kuzitunza kila mwezi. Nyingine nyingi ziliandikwa na mwanafunzi mmoja mwenye kipaji, akahitimu, akaondoka na neno la siri la seva. Ukija na bei ya wiki mbili, niambie na bei ya mwaka wa tatu.

Kodi ya Usiku

Umenikamata. Mwaka wa tatu huwa sipokei simu.

Kilosa Junction

Umeme ukikatika katikati ya mpitisho je? Maana huku kwetu…

Mtunza Vichupa

UPS kwanza, hiyo haina mjadala, maana pampu za ombwe zikizima ghafla ni msiba mwingine. Kwenye data, faili lililokatika linapokelewa kama lilivyo, linapewa alama ya kushindwa, sampuli inarudi foleni kama mpitisho wa 2. Lile bovu tunaliacha. Tukilifuta, hesabu ya mafaili na ya foleni hazilingani, na nyote mnajua yaliyonikuta.

Nguli wa Jedwali

Nimerudi.

Nimekuta "2-Sep", "7-Sep", "9-Sep" na "1-Mar" mbili. Sawa, nimekubali. Za Septemba nimezirekebisha kwa mkono. Sasa hizi "1-Mar" mbili zote ni MARCH1? Kwa nini imejirudia?

Mtunza Vichupa

Usiguse! Rudisha na za Septemba kama zilivyokuwa. FASTA yako ni ya lini?

Nguli wa Jedwali

2019. Tumeitumia ile ile miaka yote.

Mtunza Vichupa

Basi ndiyo hiyo. Kwa majina ya zamani kulikuwa na MARCH1 na kulikuwa na MARC1, jeni mbili tofauti kabisa, na Excel inazigeuza zote kuwa "1-Mar". Jina halirudishiki kwa kubahatisha. Nenda safu ya kwanza, Protein IDs, namba za UniProt. Hizo zinaanza na herufi na hazifanani na tarehe, Excel haizigusi. Nitajie unaona nini kwenye mistari hiyo miwili.

Nguli wa Jedwali

Wa juu ni Q8TCQ1. Wa chini, ambao ndio umepanda sana kwenye seli zangu, ni Q5VT66.

Mtunza Vichupa

Q8TCQ1 ndiyo MARCH1, sasa MARCHF1, mambo ya kinga ya mwili. Q5VT66 ni MARC1, sasa inaitwa MTARC1, ya mitokondria, na kwa watu wa ini ni protini maarufu sana. Kwa hiyo iliyopanda kwako ni MTARC1. Ni habari njema, ina maana zaidi kwenye ini kuliko ile nyingine.

Nguli wa Jedwali

Habari njema kweli. Ila bango langu la mkutano limeshachapwa, futi nne kwa tatu, na katikati kuna mshale mwekundu umeandikwa MARCH1, na aya nzima ya kinga ya mwili pembeni yake. Mkutano ni Alhamisi.

Kilosa Junction

Leo Jumanne mkuu.

Nguli wa Jedwali

Najua leo ni Jumanne.